Bella Mair Yupi?

Dod Coull aligawa barua Portgarrie, mji wetu mdogo wa wavuvi, kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo alisoma kila kadi ya posta iliyopita mkononi mwake. Wala hakulificha. "Kadi ni barua iliyotoka nje bila suruali," alikuwa akisema. "Sasa mimi nifumbe macho, nijikwae ngazini?" Lakini alichokisoma kiliishia machoni. Alijua nani kaachwa, nani kafukuzwa kazi Aberdeen, mtoto wa nani hataki tena kurudi nyumbani. Alikukabidhi kadi yako, akakuambia upepo leo ni wa kaskazini, akaenda zake. Kwa hilo tulimheshimu. Ndiyo maana alilolifanya baada ya kustaafu lilituuma kuliko kama angelifanya mropokaji wa kawaida. Na mimi ninayelisimulia sina pa kujificha, kwa kuwa siku hiyo projekta nilikuwa naiendesha mimi.

Naitwa Netta Pirie. Duka la mikate la mtaa wa juu lilikuwa la baba yangu, likawa langu. Dod alikuja kila asubuhi kununua mkate mdogo, kwa sababu mkewe Ina alifariki mwaka uleule aliostaafu na hawakujaliwa watoto. Watu walisema mzee kaoa kadi. Nyumba yake ya mtaa wa chini ilikuwa imejaa maboksi ya viatu, kila boksi na jina la barabara ubavuni, na ndani yake kadi za posta za zamani zenye picha za Portgarrie.

Zamani tulikuwa na mpiga picha wetu, Hendry Tough, mtu asiyepitwa na jambo. Mashua mpya ikiteremshwa majini, Tough yupo. Wimbi limebomoa ukuta wa bandari, Tough yupo, suruali imelowa magotini. Maandamano ya wasiokunywa pombe siku ya mwaka mpya, pikiniki ya shule ya Jumapili, farasi wa makaa aliyeanguka mbele ya benki, vyote alivipiga picha na kuvichapa kwenye kadi, na kesho yake vilikuwa dirishani kwake vikiuzwa. Hatuna kitabu cha historia ya Portgarrie. Tuna kadi za Tough, na aliyejua kuzisoma alikuwa Dod.

Alikuwa akizisoma kweli. Alikuwekea kadi mbele ya pua akakwambia, "Tazama taa hii ya barabarani, iliwekwa mwaka 1909. Bomba la moshi la akina Slater bado limenyooka, nalo lilipinda kwenye dhoruba ya Januari 1911. Basi picha ni ya katikati ya hapo, na ni Jumatatu, siku ya kufua, nguo zimeanikwa." Sheria yake ilikuwa moja tu: kadi haiguswi. Haikatwi kingo, haiandikwi kwa kalamu, haifutwi kitu. Siku moja nilifuta doa la masizi kwa kidole nilichokitia mate, na Dod hakusema nami siku tatu. Alinunua mkate kwa kuonyesha kidole.

Sasa, hapa kwetu majina ni machache kuliko watu. Mtaa wa chini nusu yao ni Mair, waliobaki ni Slater na Coull, na kila nyumba ina Bella wake na Jessie wake. Kwa hiyo kila ukoo una lakabu, nayo huandikwa hata juu ya bahasha: Mair Shemasi, Mair Kengele, Mair Bata. Mwanamke hata akiolewa huitwa kwa jina la kwao na lakabu ya kwao mpaka anaingia kaburini. Mtu akikutajia jina bila lakabu hajakuambia kitu, na huyo aliyegawa barua miaka arobaini na moja alikuwa nazo zote kichwani, za walio hai na za wafu.

Mchezo wetu wa majira ya baridi ulitokana na hilo. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi tulikusanyika ukumbi wa kanisa, chai na biskuti za siagi, na Dod akatuonyesha kadi zake ukutani kwa slaidi. Alizipiga mwenyewe kwa kamera ya marehemu Ina, mbele na nyuma. Akitaja jina la mtu kwenye picha, ukumbi mzima ulipaza sauti, "Yupi?" Dod alinyamaza kidogo, makusudi, kisha akagonga sakafu kwa fimbo yake na kutoa lakabu. Watu walipiga makofi. Hakuwahi kushindwa, na kusema kweli alipenda mno kutoshindwa.

Alhamisi hiyo ilikuwa Februari 1980, na mada ilikuwa wasichana wa heringi. Mama zetu na bibi zetu, kila vuli walipanda treni kwenda Yarmouth, mbali kusini, kuwafuata samaki. Walifanya kazi watatu watatu: wawili wa kutumbua, mmoja wa kupanga samaki na chumvi kwenye pipa. Wapiga picha wa kule walipita wakiwapiga picha wakiwa kazini, aproni zimejaa damu, vidole vimefungwa vitambaa visikatwe na kisu, na wasichana wakazinunua kadi hizo kuzituma nyumbani. Dod alipata albamu nzima kutoka nyumba iliyofungwa, kadi zimegandishwa kwa gundi ya unga. Januari yote alikuwa akizibandua moja moja kwa mvuke wa birika. Migongo ya kadi zile haikuwa imesomwa na mtu tangu zilipogandishwa, na alifurahi mpaka akasahau kunyoa ndevu.

Niliweka slaidi ya mbele: wasichana watatu kwenye hori la samaki. Dod akasema maneno mawili matatu juu ya mapipa. Nikaweka ya nyuma, mwandiko wa penseli umejaa ukuta, na Dod akausoma kwa sauti yake ya ibada:

"Tarehe 12 Novemba, 1912. Dada mpendwa, usimwambie Mama, lakini Bella Mair ana mimba. Anatapika kila asubuhi nyuma ya mapipa. Ni ya yule fundi mapipa wa Leith, na jamaa ana mke. Nimemtia alama mbele umwone alivyokonda. Mvua hapa haikatiki. Wako, Lizzie."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Nilicheka hadi nikashika meza ya projekta, na hilo sijalisahau hata siku moja.

"Alama yenyewe haipo tena," Dod alisema, "penseli haikai miaka sitini na saba." Alikuwa hata hajaitafuta.

Ndipo Sandy Slater, fundi wa nyavu, akapaza sauti kutoka nyuma, "Yupi?" Na ukumbi wote ukadakia, "Bella yupi, Dod? Yupi?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui, kwa mara ya kwanza maishani, na tungemzomea kidogo tukanywa chai. Lakini ulimi hauna mfupa, na huo wake ulikuwa umezoea.

"Mwaka ule akina Bella Mair walikuwa watano," alisema, akikunja vidole. "Bella Bata alikuwa na miaka sita. Bella Kijiko alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, huyo tumwachie Mungu. Bella Mnara alikuwa Kanada. Mama yangu, Bella Kengele, hakwenda Yarmouth mwaka ule, mkono ulikatwa na kisu ukatunga usaha, kaniambia mwenyewe. Basi nani kabaki?" Akagonga sakafu. "Bella Shemasi!"

Makofi yalianza, yakakatika. Jessie Slater alikuwa ameketi safu ya pili, binti pekee wa Bella Shemasi, mpishi mstaafu wa shule. Nusu ya ukumbi ule ilikulia uji wake. Alisoma darasa moja na Dod, wote wawili wamezaliwa 1913, yeye Agosti na Dod Juni, na wazazi wao walioana majira yale yale, baada ya wasichana kurudi kutoka Yarmouth, kama walivyooana wote. Niliona watu wakihesabu miezi tisa kwa vidole juu ya mapaja yao, kuanzia Novemba ya kadi ile. Walifika Agosti wakatazamana.

Jessie hakugeuka wala hakuinuka. Alikaa mikono juu ya mkoba mpaka slaidi ya mwisho.

Na zamu ya jikoni ilikuwa yake siku ile. Alimimina chai ya watu sabini, akagawa skoni zake, vile vikeki vya siagi, akaosha vikombe vya watu sabini, na mimi nikavifuta kando yake. Nyuma yetu mtu alisema jambo kuhusu mapipa na wengine wakakohoa kuficha kicheko. Nilitafuta neno la kumwambia. Nililolipata ni hili: "Skoni zako leo zimeumuka vizuri, Jessie." Akasema, "Ni siagi tu." Nilirudi nyumbani nikijiona takataka.

Mwezi ule mzima Portgarrie ilikuwa na la kuzungumza. Kiti cha Jessie kanisani kilikuwa kitupu Jumapili mbili, na watu wakasema umeona, ukweli unauma. Mwanamke mmoja, simtaji, alisema dukani kwangu kwamba siku zote aliona pua ya Jessie si ya akina Slater. Nilimkatia mkate nikanyamaza. Nikamwambia Dod jambo hilo alipokuja asubuhi yake.

"Historia ni historia," alisema bila kunitazama. "Wote wameshakufa."

"Jessie kafa?"

"Nipe mkate, Netta."

Nilidhani ni kiburi. Sikujua.

Wiki ya pili nilizipanga slaidi kwenye visanduku vyake, kazi niliyoifanya kila mwezi, nazo huwa nazielekeza dirishani kuona kama zina vumbi. Ile ya wasichana watatu ilikuwa na kidoa juu ya kichwa cha mmoja wao. Nikaipuliza. Hakikutoka. Nikachukua lenzi ya baba ya kusomea gazeti. Hakikuwa kidoa. Kilikuwa kimsalaba cha penseli, hafifu lakini kipo, juu ya kichwa cha msichana wa kulia, na msichana yule alishika kisu kwa mkono wa kushoto.

Portgarrie ilikuwa na mtumbuaji mmoja tu mashoto. Wenziwe walimlalamikia kwa sababu viwiko viligongana horini. Nilimjua akiwa mzee, alikuja dukani na kuhesabu senti kwa mkono ule ule, na siku moja alinizaba nao kofi kwa kumtolea ulimi. Alikuwa Bella Kengele, mama yake Dod.

Nyani haoni kundule, nilijisemea, na nusura nicheke. Kisha nikaona haya kwamba nusura nicheke tena. Nilivaa koti nikateremka mtaa wa chini.

Dod alikuwa akila supu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi, kijiko mkononi.

"Dod, ile kadi ya Yarmouth iko wapi?"

"Ipi? Ziko arobaini."

"Usinizungushe, bwana. Ya Lizzie."

Alichukua muda mrefu kuiona, yeye ambaye angekutolea kadi yoyote gizani. Akaniwekea mezani, picha juu. Niliitazama kwa lenzi. Juu ya kichwa cha msichana wa kulia hapakuwa na kitu. Palikuwa safi, safi kuliko karatasi yote iliyobaki, pameng'aa kidogo kama kiwiko cha koti kuukuu.

Alikuwa amefuta. Dod Coull, na raba.

Nilitoa slaidi mfukoni nikaiweka kando ya kadi. Aliitazama, akasukuma bakuli la supu mbali.

"Sikujua siku ile," alisema. "Naapa, Netta. Nilikuwa namwamini mama. Nimeona asubuhi yake, naweka kadi boksini. Mkono wake. Nimeujua kabla sijaona uso."

"Ukachukua raba."

"Nikachukua raba." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Maisha yangu yote nimewachekesha watu kwamba nilizaliwa wa miezi saba kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kupeleka barua. Unajua mkunga alisemaje? Alisema sijaona mtoto wa miezi saba mwenye ratili tisa. Mama alinisimulia hilo mwenyewe, akicheka! Na mimi nikacheka. Kweli mimi ni mjinga."

"Wull Coull alikuwa baba yako, na alikulea vizuri."

"Alinifundisha kila fundo ninalolijua. Sasa nikiwa na miaka sitini na sita nianze kumtafuta baba Leith?"

"Hakuna aliyekuambia utafute baba," nilisema, na hasira ikanipanda. "Yuko mwanamke kule juu ambaye watu wanamchunguza pua. Mama yake analala kaburini na jina ulilompa wewe. Yeye unamfanyaje?"

Dod akasema jambo ambalo nadhani alijutia kabla halijamtoka. "Jessie hana watoto. Haitamfikia mtu baada yake. Watu watasahau."

"Nawe huna watoto, Dod."

Ningeweza kuondoka na slaidi ile. Ningeweza kuipeleka mwenyewe kwa mchungaji, au kuibandika kwenye dirisha la duka. Niliiacha mezani. Wakati ule niliuita huo uungwana. Leo nauita woga, nilitaka mtu mwingine abebe mzigo ambao nami nilikuwa nimeushika kwa upande mmoja. Alikuwa na moto jikoni kwake, na kitu kile ni kipande cha plastiki kidogo kuliko biskuti.

Siku nane hakuja kununua mkate. Siku ya tisa alikuja, hakunyoa, akasema akiwa mlangoni, "Alhamisi ijayo umlete Jessie ukumbini."

"Mlete wewe."

"Mimi hatanifungulia."

Basi nilikwenda. Jessie alinifungulia, akaniacha nisimame kibarazani kwenye ukungu wa bahari.

"Kuna nini tena?" aliuliza. "Mmepata picha ya bibi yangu?"

"Dod anataka uje Alhamisi."

"Dod amesema sana. Bado hajachoka?"

"Njoo, Jessie. Tafadhali. Nitakaa nawe."

"Siku ile pia ulikaa nami," alisema, "ukasifu skoni." Alishika kitasa cha mlango. "Nitakuja. Ufunguo wa kabati la vikombe ninao mimi, na hampati chai bila mimi."

Alhamisi ile watu walijaa mpaka ukutani. Ilikuwa ya mwisho kwa majira yale, na mada iliyotangazwa ilikuwa shule yetu ya zamani. Jessie aliketi safu ya pili, mahali pake. Niliwasha projekta. Dod alikuja pembeni yangu akanipa slaidi moja kutoka mfuko wa shati, ina joto la mwili wake.

Wasichana watatu wakatokea ukutani. Mnong'ono ukapita ukumbini. Nilimtazama Jessie kwa nyuma na niliona shingo yake ikikaza. Alidhani tunarudia.

Dod hakuwa na fimbo. Alikwenda mpaka ukutani, mwanga wa projekta ukamwangukia usoni, akaweka kidole juu ya kile kimsalaba.

"Hii ndiyo alama," alisema. "Niliwaambia haipo. Ilikuwepo. Sikuitazama." Sauti yake ya ibada ilikuwa imekwenda. "Mtazameni mkono."

Watu walitazama. Wazee walielewa kwanza, nikaona vichwa vikiinama safu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesema yupi. Sandy Slater alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni Bella Kengele," alisema Dod. "Ni mama yangu. Bella Shemasi hakuhusika kwa lolote, na mimi nilimvunjia heshima humu ndani mbele ya binti yake kwa sababu nilitaka mnipigie makofi." Aliondoa kidole ukutani. "Na kuna la pili. Nilipojua, niliifuta alama kwenye kadi. Mimi. Kwa raba. Nikawaacha mwezi mzima mkisema mliyosema, nikanunua mkate. Nikiwaambia sasa kadi ya mwaka fulani inasema hivi au vile, msiniamini mpaka muione wenyewe."

Alisimama pale, picha ya mama yake imetua kifuani pake, aproni na samaki, na sisi sabini hatukujua tufanye nini na mikono yetu. Nilizima taa ya projekta kumsitiri. Kwenye giza lile mtu alianza kulia, nadhani ni yule mwanamke wa pua.

Jessie ndiye aliyewasha taa za ukumbi. "Maji yamechemka," alisema, akaenda jikoni.

Watu walikunywa chai haraka wakaondoka. Wengine walipita wakamgusa Jessie bega, wakasema mambo ya hali ya hewa. Tulipobaki watatu Dod alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi, akasimama kama mtu aliyeleta barua ya kudai deni.

"Jessie," alisema, "sijui niseme nini."

"Umeshasema." Alikuwa akifuta sinki. "Na ulisema vizuri. Kaa, kuna chai kwenye birika."

"Ungenijia. Ungenipiga kofi. Ulikuwa na haki."

Jessie alikamua kitambaa akakitundika. "Nilikuwa na miaka tisa," alisema, "nikarudi kutoka shule naimba kile kiwimbo walichokuimbia, cha mtoto wa miezi saba. Unakikumbuka. Mama alinikamata mkono akanikalisha akanieleza yote. Walilala kitanda kimoja Yarmouth, yeye na mama yako na huyo Lizzie. Mama ndiye aliyerudi na mama yako kwa treni. Akaniambia Wull Coull anajua, na anamtaka mama yako vilevile, na anakutaka wewe. Kisha akaniapisha juu ya Biblia nisimwambie mtu."

Dod alishika fremu ya mlango.

"Ulijua," alisema. "Siku ile, umekaa pale, mimi namtaja mama yako, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na wanacheka. Na mwezi mzima. Jessie, ilikuwa neno moja tu! Ungeinua mkono ukasema ni mama yako, Dod. Kwa nini hukusema?"

Jessie alichukua koti lake kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alimtazama kana kwamba kamuuliza jambo la kitoto.

"Mbele ya watu, Dod?" alisema.

Akaniachia ufunguo wa kabati, akatoka.